Kwa Mpwa Aliyeko Kolwezi: Juu ya Kuchagua Mtandao wa Simu kwa Matumizi ya Kasaji



Mpwa anayejiandaa kurudi nyumbani Kasaji kufungua kabini, yaani kibanda cha kuuzia salio na kutolea pesa za simu, ameuliza mtandao upi kati ya mikubwa ndio bora, akaambatanisha bei za forfe, kwa maana ya vifurushi, alizozinakili madukani Kolwezi. Bei hizo amezinakili kwa uangalifu, lakini ni bei za Kolwezi. Mji ule una migodi, mishahara na wateja waliosongamana, na kampuni za simu huusogelea kwa hiari, ilhali Kasaji iko mbali upande wa magharibi, kwenye njia ya reli iendayo Dilolo na Angola, ambako mnara mmoja huhudumia watu wachache waliotawanyika. Mnara ulio mbali na nyaya za umeme huishi kwa jua au kwa mazuti, yaani dizeli, na mazuti hayo husafirishwa kwa barabara ambayo mvua ikiikata hukata na simu.

Kampuni zenyewe zijulikane kwanza kwa historia yake. Vodacom ilianza kazi Kongo mwaka 2002, na namba zake hufahamika kwa 081 na 082. Airtel ilizaliwa ikiitwa Celtel, ikawa Zain mwaka 2008, ikachukua jina la sasa baada ya kununuliwa na Bharti ya India mwaka 2010, huku wenye namba za 099 na 097 wakibaki na namba zao zile zile na kabini zikibadilishwa rangi tu. Orange ya Ufaransa iliingia mwaka 2011 kwa kuinunua Congo Chine Télécom, kisha mwaka 2016 ikaimeza Tigo, ndiyo maana 084, 085 na 089 leo zimo katika nyumba moja. Africell, yenye 090, ilifika mwaka 2012 na kuvuta wateja kwa bei nafuu, hasa katika miji mikubwa. Mtu akisikia kwamba mtandao fulani ni rahisi, aulize kwanza ni rahisi wapi.

Katika kulinganisha forfe, wengi hutazama dola na mega, mega ikiwa ni kipimo cha intaneti, wakasahau muda. Tuseme, kwa mfano wa kubuni tu, forfe moja inatoa mega 1,000 kwa dola 1 ndani ya saa 24, na nyingine inatoa mega 4,000 kwa dola 5 ndani ya siku 30. Kwa hesabu ya karatasi, ya kwanza ndiyo nafuu, kwa kuwa dola moja inaleta mega 1,000 badala ya 800. Lakini pale ambapo intaneti hutambaa, mteja huenda akavuta mega 150 tu kabla siku haijaisha, zilizobaki zikafutwa, na dola yake ikawa imenunua mega 150. Basi kasi ya mnara ni sehemu ya bei, ingawa hakuna bango linaloiandika. Tena forfe ikiisha huku intaneti imeachwa wazi, simu inaweza kuendelea kula yunite, zile za salio la kawaida ambazo 100 huhesabiwa kuwa dola 1 ya Marekani. Si vema hata hivyo kulaza yunite nyingi kwenye simu: kati ya mwaka 2020 na 2022 wananchi walikatwa yunite kwa ajili ya RAM, daftari la serikali la kusajili vifaa vya simu, mpaka malalamiko yakaifikisha mwisho.

Kuna jambo jingine lenye uzito kuliko mega kwa watu wa Kasaji, ambao wengi hupiga simu kuliko wanavyosoma mtandaoni. Simu inayotoka mtandao mmoja kwenda mwingine hupita milango miwili, na mtandao unaotuma huulipa ule unaopokea malipo ya kukamilisha simu, yanayosimamiwa na ARPTC, mamlaka ya posta na mawasiliano iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Kwa sababu hiyo forfe nyingi hutoa dakika tele za ndani ya mtandao na dakika chache za nje, na ndiyo asili ya simu za puce mbili, puce ikiwa ni kadi ya laini. Mpwa angefanya vema kuhesabu namba za watu ambao wateja wake watawapigia, wanunuzi wa mihogo Kolwezi na jamaa walioko Dilolo na Lubumbashi, kisha aone zinaanza na tarakimu zipi.

Kwa upande wa pesa, M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zote hushika faranga na dola, na wakala aliyeishiwa noti au salio hana la kuuza siku hiyo. Kwa hiyo mtaji wa mpwa usigawanywe mara tatu tangu mwezi wa kwanza.

Mwaka 2025 Vodacom na Orange zilitangaza kwamba zitajenga pamoja minara ya jua vijijini, hadi 2,000 kwa miaka sita, lakini kabini haifunguliwi kwa mnara unaotarajiwa. Mpwa aje na puce za mitandao yote, azijaribu stesheni, sokoni na hospitalini, asubuhi, jioni na wakati wa mvua, akiandika ipi imeshika na ipi imekatika, kwa wiki mbili nzima. Meza ya kuandikia ipo, na chumba cha nyuma kimekwisha kufagiliwa.