Karamu Itokayo Ardhini

Katika nyanda za juu za Papua Guinea Mpya, kaskazini mwa Australia, akina mama huweza kuwapikia watu mia bila kuwa na sufuria hata moja. Chungu chao ni shimo, na moto wao ni mawe. Upishi huu huitwa mumu.

Mgeni kutoka kwetu akitazama vikapu hataona jambo geni: viazi vitamu, magimbi, ndizi, maboga na mboga za majani. Ukulima wa huko ni wa kale sana. Katika eneo la Kuk, karibu na mji wa Mount Hagen, zimefukuliwa dalili za mashamba ya miaka ipatayo 7,000 iliyopita, na mwaka 2008 UNESCO ililiingiza eneo hilo katika urithi wa dunia. Viazi vitamu, vyenye asili ya Amerika, vilifika baadaye sana. Leo ndivyo chakula kikuu.

Kwa kawaida wanaume huchimba shimo na kuchoma mawe, na wanawake humenya na kuosha. Mawe huchaguliwa kwa uangalifu, maana jiwe lenye unyevu ndani hupasuka motoni na kujeruhi watu. Yakishakolea moto, hutandazwa shimoni na kufunikwa kwa majani ya migomba. Viazi na magimbi hupangwa chini karibu na joto, na mboga laini huwekwa juu. Hunyunyiziwa maji kidogo ili mvuke upande. Watu wa pwani hutia tui la nazi. Kisha majani tena, na udongo juu yake.

Hapo hakuna kufunua ili kuonja, kwa kuwa mvuke ukitoka chakula kitabaki kibichi. Watu hukaa na kuzungumza kwa saa moja, mbili, au zaidi. Ndiyo maana mumu hupikwa arusini, msibani, katika sikukuu za kanisa, na koo zilizopigana zinapopatana. Katika karamu kubwa nyama ya nguruwe ndiyo fahari, lakini viazi ndivyo vinavyoshibisha.

Hata hivyo shimo halijai lenyewe. Ukame na baridi kali vya mwaka 1997, na tena 2015, viliunguza mashamba mengi ya viazi, na njaa ikaingia. Mjini nako, familia nyingi hutegemea mchele wa kununua na samaki wa makopo. Mama asiye na shamba hana cha kuleta shimoni.

Akina mama wenzangu, sisi nasi tumezoea kufukia viazi katika majivu ya moto. Siku jamaa watakapokusanyika, tuwaombe waje na viazi, magimbi na maboga ya mashamba yao, tupike pamoja. Lakini ili waje navyo, hayo mashamba tuyatunze tangu sasa.