Nyosha mpira wako Diani

Ndugu msomaji, ukivuka Likoni kwa feri alfajiri ya Jumamosi, Diani si mbali. Tangu 2024 mwenye gari anaweza hata kuikwepa feri na kupitia barabara ya Dongo Kundu. Utapita Waa na Tiwi, minazi huku na huku, na upande wako wa kulia utaiona milima ya Shimba, ambako ndiko uliko mji wa Kwale. Ukifika Ukunda, kata kushoto kuelekea baharini. Ukiendelea mbele bila kukata utafika Msambweni, na huko nako kuna uzuri wake, lakini hiyo iwe safari ya siku nyingine.

Wengi wakifika Diani hukimbilia maji. Mimi leo nataka nikupeleke kwenye majani, katika uwanja wa gofu wa Leisure Lodge. Uwanja huu wa mashimo 18 ulibuniwa na Mwingereza Donald Steel katika miaka ya 1990. Ndani yake imesimama mibuyu minene, na tumbili hupita wakitazama wachezaji kana kwamba wamelipa kiingilio. Ukibahatika utamwona mbega mweusi mwenye manyoya meupe mabegani, ambaye wenyeji humwita kuluzu.

Huenda ukasema gofu ni mchezo wa matajiri. Kweli, si rahisi kwa mfuko. Lakini wachezaji wengi wa kulipwa hapa Kenya walianza kwa kubeba mifuko ya fimbo za watu wengine. Mmoja wa hao, mzee wa Kidigo, ndiye aliyenifunza ninayokueleza leo.

KOSA LILE LILE

Nilikwenda na kijana wangu wa miaka 16. Njia nzima nilikuwa nikimkaripia kwa sababu ya alama zake za hesabu. "Kila mtihani kosa ni lile lile," nilimwambia. "Kwani huoni?" Hakunijibu.

Tulipofika mahali pa mazoezi, kijana akamwamkia mzee shikamoo, naye akaitika marahaba. Mimi nikaweka mpira juu ya kigingi, nikachukua fimbo kubwa, nikapiga kwa nguvu zangu zote. Mpira ukaanza vizuri, kisha ukapinda kulia ukaingia vichakani. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu nikajielekeza kushoto ili nifidie, ukapinda kulia zaidi ya ile miwili. Wanagofu huuita ugonjwa huu slaisi, nao huwasumbua wanaoanza kote duniani.

Nikasema huenda fimbo zangu zimezeeka, ninunue nyingine. Mzee akacheka. "Mchagua jembe si mkulima, bwana. Umepiga mitatu, kosa ni lile lile. Kwani huoni?"

Kijana wangu akageuza uso kuelekea mbuyuni. Mabega yalikuwa yakimtetemeka kwa kicheko. Naam, nyani haoni kundule.

MPIRA HAUSEMI UONGO

"Usiutazame mpira kwa hasira," mzee akaendelea. "Uulize." Kisha akanieleza hivi. Mpira huanza safari yake kuelekea kule ambako uso wa fimbo umetazama wakati wa kugonga, au karibu na huko. Ukipinda hewani, ujue uso wa fimbo ulitazama upande mmoja na fimbo yenyewe ikapita upande mwingine.

Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, slaisi huja pale fimbo inapotoka nje na kuukatiza mpira kuelekea kushoto, ilhali uso wake umebaki wazi kuelekea kulia. Mpira huzunguka kama pia iliyoinama upande, na hewa ikauvuta kulia. Fimbo kubwa huzidisha kosa kwa sababu uso wake umesimama karibu wima. Namba saba ina uso uliolala, kwa hiyo husamehe kidogo.

Ndiyo maana kujielekeza kushoto si dawa. Mabega yakigeuka kushoto, fimbo huyafuata, huukatiza mpira zaidi, nao mpira hupinda zaidi. Kadiri unavyoficha kosa ndivyo linavyokua.

DAWA YAKE

Kwanza, shika upya. Ukitazama chini mkono wako wa kushoto juu ya fimbo, uone vifundo viwili au vitatu vya vidole. Ukiona kimoja tu, uso wa fimbo utachelewa kufunga. Wala usibane: shika kama unavyoshika kifaranga, kisitoroke na kisife.

Pili, simama sawa. Laza fimbo chini mbele ya vidole vya miguu, urudi nyuma uone inaelekea wapi. Miguu, nyonga na mabega vifuate mstari huo.

Tatu, na hapa ndipo mzee aliponifurahisha, aliokota kumbi la nazi akaliweka upande wa pili wa mpira, nyuma yake kidogo, umbali wa kiganja hivi. "Piga mpira, kumbi uliache," akasema. Fimbo ikitoka nje itagonga kumbi kabla ya mpira. Mara nne nililirusha kumbi, na mara ya tano likabaki. Ule mpira wa tano ulikwenda umenyooka kama mnazi. Tumia kumbi wala si kifuu, maana kifuu kigumu kitaumiza fimbo.

Nne, anza na namba saba na nusu ya nguvu. Piga mipira 20 kabla ya kuigusa fimbo kubwa. Ikiwa unatumia mkono wa kushoto, geuza kila kitu nilichosema.

Huku pwani usisahau upepo. Kusi na kaskazi hupokezana mwaka mzima, na mpira uliopinda ukikabiliana na upepo hupinda zaidi. Mtu hutamani kuongeza nguvu, na nguvu huongeza mzunguko. "Mvuvi hagombani na kusi," mzee alisema, "hutengeneza tanga lake."

Sitakudanganya kwamba nimepona. Siku hiyo hiyo nilipoteza mipira mingine miwili vichakani. Lakini sasa mpira ukipinda najua pa kuanzia kutafuta.

Jioni, tukiwa kwenye foleni ya feri, nilimwambia kijana wangu anioneshe karatasi yake ya hesabu. Alisita, kisha akaitoa mkobani. Safari hii sikutazama alama. Nilimwuliza mstari gani mambo yanapoanza kupinda. Tukashuka pamoja kwa kidole, swali kwa swali, hadi tukapaona: kila anapohamisha namba hasi kwenda upande wa pili, husahau kuibadilisha alama. Kosa lilikuwa moja tu, katika maswali matano.

"Basi tulitafutie kumbi lake," nikasema. Akacheka, na safari hii nilicheka naye.

Ukipata nafasi, msomaji, vuka Likoni ukajaribu. Na ukienda na mwanao, mwache akuone ukikosea.