Sehemu ya 6: Makande ya Bibi

Leo nawapandisha milimani.

Ukitoka Same mjini na joto lake, unapanda kona kwa kona mpaka unatafuta sweta. Wataalamu huifananisha milima hii ya Upare na visiwa: juu msitu, chini ukame pande zote. Mimi nazunguka visiwa hivyo kwa bodaboda, boksi la chanjo begani.

Mwaka wangu wa kwanza wa huduma ya mkoba, kule Mamba kwenye tangawizi, bibi mmoja alinikaribisha makande. Nikamwambia, "Asante bibi, nimeshiba." Uongo mtupu! Nilikuwa nawaza saa tu: kichupa cha surua ukishakichanganya, baada ya saa 6 unakitupa.

Mwezi uliofuata walikuja watoto 4 tu. Kichupa kina dozi 10, hesabu mwenyewe nilizotupa. Nikamfuata bibi. Akanitazama: "Makande yangu uliyakataa, mjukuu wangu nikupe umchome?"

Jamani, niliishiwa maneno. Nikakaa, nikala sahani nzima, na chai ya tangawizi juu yake. Huku nakula, bibi akatuma mtoto nyumba kwa nyumba. Kina mama wakaanza kuteremka na watoto mgongoni.

Wewe mtumishi mpya unayesoma hapa, ukifika kijijini kaa kwanza. Makande hayajawahi kuniharibia dozi. Haraka yangu ndiyo iliyoziharibu.

Wewe je, kituo chako cha kwanza walikupokeaje? Niandikie hapo chini.