Mistari Saba

Seva haikukosea. Nilikosea mimi.

Ofisi iliniomba nifungue anwani moja ya barua pepe kwa ajili ya mfanyakazi aliyenyanyaswa kazini. Akiiandikia, barua iwafikie wajumbe watano wa kamati, asihangaike kuwatafuta mmoja mmoja. Seva yetu inatumia Postfix, na kazi hiyo ni mstari mmoja tu ndani ya faili la /etc/aliases: jina la anwani, nukta mbili, kisha majina ya wapokeaji. Ukimaliza unatoa amri ya newaliases, seva inashika orodha mpya. Majina matano sikuyaandika. Niliandika “kamati”, kundi lililokuwepo tayari, maana saa ya kutoka ilikuwa imekaribia.

Nikatuma barua ya majaribio. Wajumbe wote watano wakaniambia wameipata. Nikaenda nyumbani.

Mwaka mmoja kabla, kwa mkono wangu huu, nilikuwa nimeliingiza kundi la “wakuu” ndani ya “kamati” ili mabosi wawili wapate mihtasari ya vikao. Postfix haisimami kwenye kundi la kwanza. Ikikuta kundi ndani ya kundi hulifungua nalo, mpaka wabaki watu.

Wiki ya tatu dada mmoja wa uhasibu aliandika kumhusu bosi wake. Kesho yake alikuja mezani kwangu, akakataa kiti.

“Kaka, ulituambia ni siri. Mbona bosi kaniita, na barua yangu anayo?”

Nilifungua kumbukumbu za seva mbele yake. Kila mpokeaji ana mstari wake: to= yenye jina lake, na orig_to= yenye anwani iliyoandikiwa. Nilitegemea mistari mitano. Wa sita ulikuwa wa bosi wake, nao ulikuwa na status=sent. Aliusoma mara mbili, akaniuliza kama unafutika. Nikamwambia barua naweza kuiondoa kwenye kisanduku cha bosi, lakini ameshaisoma. Nikamwomba radhi. Alitikisa kichwa, akatoka.

Jioni ile niliandikia kamati kwamba siri imevuja kwa mkono wangu, nikaandika majina matano mahali pa “kamati”, moja moja. Kisha nikatafuta kumbukumbu za siku ya majaribio, ambazo sikuwa nimezifungua hata mara moja. Nilikuwa nimewauliza watano kama wameipata, nikaridhika. Nikahesabu mistari ya barua ile. Ilikuwa saba.