Mjomba Hana Kazi

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Kaniama na daftari tupu. Mwalimu wetu wa leksikografia alitutaka kila mmoja akusanye msamiati wa fani moja kutoka kwao, nami nikachagua wapanda michikichi bila kusita. Mjomba wangu alianza kupanda miti hiyo kabla sijazaliwa. Karo ya miaka yangu ya kwanza ya shule ilitoka kwenye mabidoni ya mawese yaliyopakiwa katika treni ya Kamina.

Swali la kwanza la hojaji yangu lilikuwa jepesi: "Mjomba, unafanya kazi gani?"

"Mimi sina kazi, mpwa wangu. Ninapanda ngazi tu."

Alikuwa ametoka kushuka kwenye mti wa pili tangu alfajiri.

Kwa msomaji wa pwani, ngazi ni kitu cha kupandia. Kwetu ni pia tunda la mchikichi, lile linalotoa mawese. Lakini neno lililonisumbua si ngazi, ni kazi. Katika Kiswahili cha kwetu, "kuwa na kazi" ni kuandikwa: kuwa na bwana, kapita wa kukuhesabu, posho, na mshahara mwisho wa mwezi. Maana hiyo ilikuja na reli na migodi. Johannes Fabian, aliyechunguza Kiswahili cha wafanyakazi wa Katanga, aliona neno hilo linastahili makala nzima. Anayejitafutia mwenyewe, hata akitoka jasho kutwa, husema hana kazi.

Basi nikaandika yale ambayo mjomba hayaiti kazi. Kwanza huangalia chini: ngazi zilizodondoka zenyewe shinani zinamwambia mkungu umeiva. Kisha hujifunga kamba nene inayozunguka kiuno chake na shina, huegemea nyuma, huirusha kamba juu kidogo, hupandisha miguu, hurudia. Akifika kileleni hukata makuti yaliyomzuia, kisha mkungu. Baada ya hapo ni mbio, kwa sababu ngazi zikikaa siku nyingi mafuta huchacha. Mama mkubwa huzichemsha na kuzitwanga, na yeye pia husema hana kazi.

Malipo ni mapatano. Katika mikungu mitatu, miwili ni ya mwenye mti na mmoja ni wa mpandaji. Hakuna anayemwamsha mjomba. Mvua ikinyesha hapandi, kwa sababu shina linateleza, na hakuna wa kumkata mshahara. Mti asioupenda huukataa. Nilipokuwa mdogo niliuona huo kuwa ufalme.

Mwaka juzi kamba ilikatika. Mjomba alianguka, akavunjika nyonga. Mwenye mti alileta kuku na pole, akarudi kwake. Hakuwa mtu mbaya. Katika mapatano yao hapakuwa na neno hata moja kuhusu kuanguka. Tuliuza baiskeli, halafu mbuzi, halafu mimi nikakosa muhula mmoja wa chuo. Ufalme ule ulikuwa na gharama, na tuliolipa tulikuwa wengi.

Ndiyo maana binamu yangu, mwanawe, alipopata nafasi kwenye shamba la michikichi la tajiri mmoja, tulishangilia. Ana kazi! Kule miti mingi ni mifupi, hukatwa kwa mundu uliofungwa kwenye mti mrefu, na anayepanda ni mara chache. Lakini nilipomhoji, daftari lilijaa maneno ya namna nyingine. Huhesabiwa kwa mikungu: akipungukiwa na idadi ya siku, siku hiyo haiandikwi. Na kila akifikisha siku ishirini, kapita humwambia apumzike, arudi baada ya miezi miwili.

"Kwa nini ishirini?" nikamwuliza.

"Sijui. Ni desturi yao."

Si desturi. Sheria ya kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema kibarua wa siku kwa siku aliyekwisha kufanya siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, huhesabiwa kuwa na mkataba usio na kikomo. Na mwenye mkataba hutibiwa na mwajiri wake. Kapita alikuwa anajua kuhesabu vizuri sana. Inasimuliwa kwamba kibarua ni barua ndogo, cheti alichopewa mtu kama ushahidi wa siku aliyofanya. Binamu yangu ni kibarua asiye na hata hicho kibarua.

Nchi hii inaujua mchezo huu. Mwaka 1911 kampuni ya Lever ilipewa maeneo makubwa ya michikichi ya Kongo. Wakataji wengi hawakuwa huru wala hawakuwa waajiriwa: walilipwa kwa ngazi walizoleta, kwa bei waliyopangiwa, huku kodi na viboko vikiwasukuma mitini. Bei iliposhushwa wakati wa mdororo wa uchumi, Wapende wa Kwilu waliasi, mwaka 1931, na mamia yao wakauawa. Kwa hiyo nikisikia mtu akibishana kama ni heri kujitegemea au kuajiriwa, huuliza kwanza: nani anapanga bei, na nani analipa mtu akianguka?

Jioni ya mwisho niliwasomea sheria ile, nikiitafsiri kutoka Kifaransa sentensi kwa sentensi. Nilikwama mara nyingi. Binamu alisikiliza, kisha akaomba daftari. Nilimkatia kurasa za nyuma zilizobaki tupu, tukazichorea mistari: tarehe, idadi ya mikungu, sahihi ya shahidi. Sijui kama kurasa hizo zitamfaa mbele ya mkaguzi wa kazi. Anaendelea kuzijaza.

Mjomba alikuwa kimya muda wote, akisuka kamba mpya. Siku hizi hupanda miti miwili tu kwa siku, ile mifupi.

"Na mimi ukanichoree," akasema. "Upande wa mwenye mti uandike pia."

Kadi yangu ya neno "kazi" bado sijaikabidhi kwa mwalimu. Nimeshaifuta mara tatu.