Muziki katika Gereji ya Matete

Kama wewe ni mtu wa kupenda muziki, nina neno la kukuambia. Usianze kwa kuniuliza jina la kundi ninalolisifu, maana halina jina. Wenyewe ni watatu, wamebishana juu ya jambo hilo tangu mwezi wa Agosti, na kila jina linalopendekezwa hupata kura moja.

Hupiga muziki wao hapa Matete, katika banda la mabati ambamo mchana hutengenezwa pikipiki. Jumamosi jioni fundi husukuma pembeni injini zilizofunguliwa, hufagia, huwasha kipaza sauti kimoja kikuukuu, na gitaa la umeme huanza kunguruma. Mara ya kwanza nilikuwa nikitoka sokoni kwa miguu, nikadhani kinu cha kusagia mahindi kimeshikwa na wazimu. Niliingia ili nilalamike. Mvua ikanifungia humo, na kabla haijaanuka nilikuwa nimeketi juu ya gurudumu bovu, mguu wangu ukipiga chini bila idhini yangu.

“Mwalimu,” fundi aliniuliza, “tumekuharibia jioni yako?”

Nilijibu kwamba ndiyo, nikaomba waendelee.

Muziki wa namna hii huitwa roki ya gereji. Jina lilitoka Marekani, ambako katika miaka ya 1960 vijana walifanya mazoezi katika vibanda vya magari ya wazazi wao, bila mwalimu, kwa vyombo vya bei ndogo. Maarufu miongoni mwao ni The Kingsmen, waliorekodi wimbo wa “Louie Louie” mjini Portland mwaka 1963. Mwimbaji alilazimika kupaza sauti kuelekea kinasa sauti kilichoning’inizwa juu ya kichwa chake, hata maneno hayakusikika vema. Tena, baada ya gitaa kupigwa peke yake, aliingia mapema kuliko ilivyompasa. Kosa liliachwa lilivyo, na santuri ikapata wanunuzi tele. Wazazi waliposhuku kwamba maneno yasiyosikika ni ya aibu, wapelelezi wa FBI waliichunguza santuri hiyo kwa muda mrefu, wakakiri kuwa hawayafahamu. Nakusimulia haya usije ukaenda Matete ukitafuta usafi wa sauti.

Yamkini utasema kwamba hayo ni mambo ya ugenini. Nami nilisema hivyo, nguo zikiwa zimelowa. Lakini gitaa lenyewe lilikuwa geni hata George Mukabi wa Kisa, aliyefariki mwaka 1963, alipolifanya liseme Kiluhya. Kidole gumba kilishika sauti nzito, cha shahada kikaimba, na kando yake chupa ya soda ikaweka mwendo. Mtindo huo ukaitwa omutibo. Daudi Kabaka naye alichukua twisti ya Wamarekani akaigeuza kuwa yetu. Wimbo wake wa “Helule Helule” ulivuka bahari, na mwaka 1968 The Tremeloes wa Uingereza wakauimba upya, ukafika nafasi ya 14 katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana huko. Kama tumekopa, basi sehemu ya deni ilikwisha kulipwa zamani.

Sikiliza vizuri kidole gumba cha yule fundi, maana ndiye mpiga gitaa. Chini ya kelele zote kinatembea kama alivyofundishwa na babu yake. Mpiga ngoma ana ngoma mbili za dukani, na ya tatu ni ya isukuti, ile ya Waisukha na Waidakho ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Inapolia hiyo ya tatu, zile mbili huonekana kama zinaomba radhi.

Sitaki kukudanganya kwamba hawana dosari. Huanza kwa kasi mno, na msichana anayeimba humezwa na gitaa hata mtu akatamani kuuzima umeme kidogo apate kumsikia. Lakini uko wimbo wa mama aliyeuza miwa akangojea malipo mwaka mzima, akihesabu siku kwa punje za mahindi. Humo gitaa hunyamaza. Nimeusikia mara nne, na mara zote nne wanaume waliokuja kuchukua pikipiki zao walivua kofia.

Nakuomba uharakishe kwa sababu inayonihusu mimi. Katika ujana wangu tulikuwa watatu pia, magitaa mawili na chupa moja, na arusi nyingi zilituita. Nyimbo zetu zilipata ishirini. Mimi nilikwenda chuo cha ualimu, wa pili akaenda Nairobi asirudi, na wa tatu tulimzika. Mwaka jana nilijaribu kuukumbuka wimbo wetu uliopendwa kuliko zote. Nilipata mwanzo na ubeti wa pili. Uliobaki umepotea, na sina wa kumwuliza.

Sasa yule fundi amepata kazi Eldoret, naye ataondoka Januari. Nilipomwuliza kama wamerekodi nyimbo zao, alinionyesha simu yenye kioo kilichopasuka. Ndani mlikuwa na nyimbo mbili, na moja ilikatika katikati.

Nenda basi Jumamosi yoyote kabla mwaka haujaisha. Chukua kigoda chako, wala usikae karibu na ngoma. Ukiwa na simu nzima, omba ruhusa, uunase ule wimbo wa mama na miwa. Na usizime mpaka uwaone wameweka vyombo chini, maana huonekana wamemaliza mara mbili kabla hawajamaliza.