Kimya cha Akina Ngotho

Ngotho na Bwana Howlands hutembea pamoja kwenye shamba la chai. Mmoja ni kibarua, mwingine ndiye tajiri, na wote wawili wanaipenda ardhi ileile kwa dhati. Ngũgĩ wa Thiong'o aliwaweka hivyo katika Weep Not, Child, riwaya aliyoiandika angali mwanafunzi Makerere na iliyochapishwa mwaka 1964. Howlands ana hati ya shamba. Ngotho alirudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia akakuta ardhi ya ukoo wake imekwisha kutwaliwa, basi akabaki kuilima kwa mshahara, akingojea unabii utimie kwamba wageni wataondoka siku moja. Kisha vita vya pili vikamnyang'anya kila mmoja mtoto wa kiume: Howlands akampoteza Peter, Ngotho akampoteza Mwangi. Wafiwa hawa wawili wanapita kwenye mistari ileile ya michai, na msiba wa mmoja tu ndio wenye nafasi ya kusemwa.

Mwaka huu nimeisoma tena riwaya hiyo hapa kwetu Ndithini pamoja na mpwa wangu, ambaye shuleni wamempa kazi ya kudurusu: wahusika, msamiati, maudhui. Daftari lake limepangwa vizuri, kila jina na sifa zake. Njoroge anapenda elimu kupita kiasi. Mwihaki ana utu. Jacobo ni msaliti, Boro ni wa kulipiza kisasi. Kwa Ngotho ameandika kwamba ni mwoga, akapigia mstari.

Ushahidi anao. Jioni moja Ngotho anawasimulia wanawe jinsi ardhi ilivyokuwa yao tangu wahenga wao Gĩkũyũ na Mũmbi, na jinsi ilivyotoweka. Boro, ambaye amerudi kutoka vitani akiwa na uchungu wa kumwacha Mwangi huko, anataka kujua baba yake anawezaje kuendelea kumtumikia mtu aliyempora. Ngotho hana la kumwambia. Kijana anatoka nje. Tangu jioni hiyo nyumba ile haisimami tena vizuri, hata kabla ya mgomo, kabla ya polisi, kabla ya msitu.

Nimelikataa neno hilo la mpwa wangu, na nitasema kwa nini.

Babu yangu alikata mkonge upande wa Thika ujanani mwake, kisha akarudi hapa kufuga mbuzi na kulima mbaazi. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikukunjika, na sisi wajukuu hatukuambiwa sababu. Ukimwuliza habari za enzi zile alisema, "Tulifanya kazi," halafu akatoa ugoro wake. Aliuweka ndani ya kibati kidogo cha mstatili, kilichochakaa pembe, chenye kitundu juu mahali ulipopita uzi. Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba kibati kile kilikuwa cha kipande. Tangu mwaka 1920 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika kutembea na karatasi hiyo ikining'inia shingoni: jina, alama za vidole, mwajiri, mshahara. Aliyeondoka kazini bila tajiri kutia sahihi alikuwa mhalifu. Babu aliitoa karatasi akatia tumbaku. Sijui alifanya hivyo siku gani wala alisema nini, na hakuna tena wa kunieleza. Kibati chenyewe kilipotea siku za matanga yake, nyumba ilipojaa watu.

Kilio ninachokilia ninaposoma na mpwa wangu ni hicho. Kitabu kipo, dukani utakipata. Waliokuwa na uwezo wa kukisoma wakasema, "Hapo ndipo nilipokuwa," ndio tunaowazika mmoja mmoja, na kila mazishi yanaondoka na ukurasa ambao hakuna aliyeunakili. Mpwa wangu anajua maana ya kibarua, setla na hati kwa sababu amezitafuta kwenye kamusi. Babu angemwonyesha vidole.

Ukisimama huku kwetu siku ambayo anga ni safi, utauona mlima wa Kilimambogo, ambao sisi Wakamba tunauita Kyanzavi. Kwenye mteremko wake amezikwa William Northrup McMillan, Mmarekani tajiri aliyemiliki ardhi kubwa huko chini, akafariki mwaka 1925. Kaburi lake linajulikana na watu hupanda kulitazama. Mjini Nairobi mjane wake alimjengea maktaba iliyofunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma humo. Simchukii marehemu. Naona tu jinsi huzuni ya upande mmoja ilivyopata jiwe na nguzo, na ya upande wa pili ikaachiwa moyoni.

Na watu wa upande huo wa pili hawakuwa waoga. Mwaka 1938, mwaka uleule aliozaliwa Ngũgĩ kule Kamĩrĩĩthũ, serikali ilianza kuwanyang'anya Wakamba ng'ombe ikidai wamezidi malisho, huku kiwanda cha nyama cha Liebig kikiwa kimejengwa Athi River na kikihitaji ng'ombe wa bei ya chini. Wanaume, wanawake na watoto walitoka Ukambani kwa miguu hadi Nairobi, wakapiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa wakitaka kusikilizwa na gavana. Muindi Mbingu aliyewaongoza alikamatwa akapelekwa kifungoni Lamu. Hata hivyo unyang'anyi ule uliachwa. Watu wa namna hiyo wakinyamaza, kimya chao kina sababu nyingine.

Ngotho naye, mtu aliyeitwa mwoga, ndiye anayejitokeza na kukiri kwamba amemuua Jacobo ili kumwokoa mwanawe Kamau aliyekamatwa. Hakumuua. Anateswa, anahasiwa. Mpwa wangu aliupita ukurasa huo upesi, na sikumlaumu. Mimi mwenyewe ujanani niliudhani umetiwa chumvi ya riwaya. Kisha, mwezi Julai 2012, Paulo Muoka Nzili, mzee wa Kikamba aliyekuwa na zaidi ya miaka 80, alikwenda London kueleza mahakama kwamba alihasiwa katika kambi ya kizuizi ya Embakasi baada ya kukamatwa mwaka 1957, wakati wa vita vya Mau Mau. Kesi ile ilibeba jina la Mkamba mwingine, Ndiku Mutua, aliyetendewa vivyo hivyo. Wakili wa serikali ya Uingereza hakubisha kwamba wazee wale waliteswa. Mwaka uliofuata, tarehe 6 Juni, Uingereza ilitangaza bungeni kwamba inasikitika, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228. Zaidi ya nusu karne watu hao waliishi vijijini wakilima, wakihudhuria harambee na ibada, na majirani wengi hawakujua walichokibeba.

Ngũgĩ alijua kwa sababu yalimfika nyumbani. Ndugu yake Gitogo, ambaye hakuwa akisikia, alipigwa risasi kwa kuwa hakuisikia amri ya kusimama. Mwaka 1955 Ngũgĩ mwenyewe alirudi kutoka muhula wake wa kwanza katika shule ya Alliance akakuta kijiji chao kimebomolewa. Alifariki tarehe 28 Mei 2025 huko Georgia, Marekani, mbali na kwao Limuru. Nilimlilia kama mtu wa ukoo, maana alikuwa miongoni mwa wachache waliokubali kuyasema ambayo babu aliyafungia katika kibati cha ugoro.

Boro anarudi usiku wa mwisho, anapiga magoti kando ya kitanda cha baba yake akiomba msamaha. Mpwa wangu aliposoma hapo alifunga kitabu akaniuliza, "Mjomba, kwani Ngotho angemjibu Boro ile siku ya kwanza, si yote haya yangeepukika?"

Nilimwambia ninavyoamini. Ngotho alikuwa amempoteza mtoto mmoja katika vita visivyokuwa vyake, asipate hata mwili wa kuzika. Angemjibu Boro ukweli wote, kwamba wameibiwa na hakuna mahakama ya kuwasikia, angekuwa anamkabidhi panga na kumwonyesha njia ya msituni. Alinyamaza ili abaki na watoto. Hakufanikiwa, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi katika riwaya nzima.

"Na babu?" akauliza.

Babu alikuwa na watoto watano wa kiume. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, mkubwa wao alikuwa ameshafikia umri wa kukamatwa barabarani. Wote watano waliufikia uhuru, Desemba 1963, wakiwa hai.